Barua ya wazi kwa wenye mamlaka: dhamiri haionekani kwa macho

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, waheshimiwa wabunge, na ninyi wazee wetu wa dini, maaskofu, masheikh na wachungaji: shikamooni mnaonizidi umri, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Naandika kuhusu jambo moja. Kijana wa Kitanzania anayemaliza kidato cha sita na kuitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, ikiwa dini yake au dhamiri yake inamkataza kujifunza kuua, hana njia ya kulitumikia taifa lake isipokuwa ile inayopita kwenye bunduki. Naomba ifunguliwe njia ya pili, na ifunguliwe kwa sheria, isiachwe iwe hisani ya afande mmoja mwenye moyo mwema katika kambi moja.

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa Jeshi la Kujenga Taifa. Lilipoanzishwa tarehe 10 Julai 1963 lilikusudiwa kuwakusanya vijana wa makabila na dini zote, walale bweni moja, wale sahani moja, wafyeke pori moja, na kwa sehemu kubwa lilifanikiwa. Nami nilipita huko miaka ya 1980, kabla utaratibu wa lazima haujasitishwa mwaka 1994, na hadi leo ninao marafiki niliowapata nikiwa kuruti. Utaratibu uliporejeshwa mwaka 2013 nilikuwa bado mwalimu wa sekondari, na niliwahimiza wanafunzi wangu waende. Nilikuwa nawaambia kwamba mtu ambaye hajawahi kuamshwa saa kumi alfajiri kwa mchakamchaka bado hajamaliza shule.

Kila mwaka tangazo la kuwaita vijana hao hutoka pamoja na orodha ya vifaa, na wazazi tunaifahamu kama tunavyofahamu orodha ya shule ya bweni: bukta ya buluu iliyoiva, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayoishia magotini; fulana ya kijani; raba za michezo; shuka mbili za buluu bahari; soksi ndefu nyeusi; nguo za baridi kwa waliopangwa mikoa ya baridi; na nauli ya kwenda na kurudi. Ni tangazo lililoandikwa kwa uangalifu. Lina hata maelekezo kwa wahitimu wenye ulemavu unaoonekana kwa macho, kwamba waripoti kambi ya Ruvu, mkoani Pwani, kwa sababu huko kuna miundombinu ya kuwahudumia. Maelekezo hayo yananifurahisha, kwa maana yanaonyesha kwamba Serikali inajua vijana hawafanani, na kwamba usawa hauna maana ya kuwapitisha wote katika tundu moja. Shida yangu ni maneno yale matatu, “unaoonekana kwa macho”. Dhamiri haionekani kwa macho, na sijaona tangazo lililoitengea mstari.

Mwanangu alikwenda miaka michache iliyopita. Kambi siitaji, maana sina ugomvi na kambi wala na mtu yeyote aliyekuwapo. Alikimbia, alilima, alipiga kwata, alibeba magogo, alilinda usiku. Siku ya kwenda kulenga shabaha aliomba kumwona mkufunzi wake pembeni, akamweleza kwamba yeye ni Mmennonite, Mkristo wa dhehebu linalokataa silaha, kwamba shabaha ile imechongwa umbo la mtu, na kwamba yuko tayari kupewa kazi nyingine yoyote kwa muda wowote, hata jikoni, hata chooni. Mkufunzi hakumtukana wala hakumpiga. Alimtazama kama mtu anayetazama ng’ombe anayezungumza, kisha akamuuliza, “Wewe umeitwa kujifunza au umeitwa kuchagua?” Mwanangu akarudi kwenye mstari. Zamu yake ilipofika alilala kifudifudi kama wenzake, akashusha mtutu kidogo, akazipeleka risasi zake zote kwenye tuta la udongo, makusudi. Akaandikwa kuwa hana shabaha.

Aliporudi nyumbani alinisimulia, na kilichomsumbua hakikuwa kile nilichokitarajia. Aliniambia, “Baba, kule sikuua mtu na wala hakukuwa na wa kumuua, lakini nilidanganya. Nimemdanganya afande, na vile vile nimeidanganya nchi.” Mimi niliyempitisha katika ubatizo sikuwa na jibu, kwa sababu katika umri wake nililala kwenye udongo wa namna hiyo hiyo, nikapiga katikati ya kifua cha ubao, nikashangiliwa, wala swali lenyewe halikunipitia akilini.

Huo ndio msingi wa barua yangu. Sheria isiyo na mlango haiwezi kuifuta dhamiri ya mtu. Kinachotokea ni kwamba dhamiri inajificha. Na jeshi, kuliko taasisi nyingine yoyote, halina faida na kijana aliyefundishwa kujificha.

Pengine atatokea wa kuuliza imani hii ya kukataa silaha imetoka wapi, maana wapo wanaodhani ni uoga uliovikwa kanzu. Kwetu Mara ilifika na wamisionari wa Kimennonite waliofungua kituo cha Shirati mwaka 1934, lakini mizizi yake ni ya karne ya 16, kwa wakristo wa Uswisi, Ujerumani na Uholanzi waliosoma Mathayo sura ya 5 na kuamua kwamba maneno ya kugeuza shavu la pili hayakuandikwa kwa ajili ya watawa peke yao. Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeuacha upadri mwaka 1536, ndiye waliyeitwa kwa jina lake. Kisa ambacho watoto wa Kimennonite husimuliwa ni cha Dirk Willems, aliyetoroka gerezani mwaka 1569, akavuka bwawa lililoganda barafu huku akifukuzwa. Yeye barafu ilimbeba. Aliyekuwa akimfukuza ilimvunjikia, akatumbukia. Willems alirudi, akamvuta akamtoa. Akakamatwa hapo hapo na kuchomwa moto nje ya mji wa Asperen. Sisi wa ziwani hatujui barafu, ila tunajua kuzama, na kisa hiki hakihitaji kutafsiriwa mara mbili.

Uoga, kwa hiyo, si neno lake. Wala Wamennonite hawako peke yao. Waadventista Wasabato, ambao Mara wamejaa kila kona, wana desturi ya muda mrefu ya kushauri waumini wao wakiitwa jeshini waombe kazi zisizo za kubeba silaha. Mmoja wao, Desmond Doss wa Marekani, alikwenda vitani Okinawa mwaka 1945 kama mhudumu wa tiba bila hata bastola, akawashusha majeruhi wapatao 75 kwenye genge refu kwa kamba, na taifa lake likampa nishani ya juu kabisa. Mashahidi wa Yehova wanakwenda mbali zaidi na kukataa utumishi wa kijeshi wa namna yoyote.

Kwa upande wa Uislamu nitasema kwa tahadhari, maana nilikwisha kusahihishwa. Jirani yangu, mwalimu wa madrasa, aliniambia nisiuingize Uislamu katika mfuko wa wanaokataa vita, kwa kuwa Kurani inaruhusu kupigana na anayekupiga, ila inakataza kuanza uadui. Akanikumbusha maagizo ya Khalifa Abu Bakr kwa jeshi lililokwenda Sham, yaani Syria na jirani zake: wasiuawe wanawake, watoto wala wazee, usikatwe mti wenye matunda, na wanaojitenga katika nyumba zao za ibada waachwe. Lakini jirani huyo huyo, tulipokuwa tukinywa kahawa barazani kwake, ndiye aliyenisomea aya ya 28 ya Suratul Maida, pale mwana mmoja wa Adam anapomwambia nduguye kwamba hata ukininyoshea mkono kuniua, mimi sitakunyoshea wangu kukuua, kwa kuwa namwogopa Mwenyezi Mungu. Kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Nilichokiona ni kwamba hata katika dini inayoruhusu vita vya kujihami, yule anayekataa kunyosha mkono amehifadhiwa nafasi yake katika kitabu, tena ni nafasi ya heshima.

Sasa nifike kwa Mwalimu, kwa sababu kila ninapolianzisha jambo hili ndiye ninayetajiwa. Tarehe 2 Novemba 1978, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Mwalimu Nyerere aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba majeshi ya Idi Amin yameingia Kagera, na kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watu wa rika langu tuliyasikia redioni tukiwa watoto, na mpaka leo nayakumbuka na sauti yake. Miaka mingi baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma, nilitambua kwamba Mwalimu, Mkatoliki aliyekuwa akienda misa kila siku, hakuyatunga maneno yale katika utupu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akifuata alichokianza Agostino, aliweka masharti matatu ili vita viitwe vya haki: vitangazwe na mamlaka halali, viwe na sababu ya haki, na viwe na nia njema. Sababu na nia, Mwalimu alizibeba kama zilivyo. Mamlaka hakuwa na haja ya kuyataja, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amesimama pale. Mahali pake akaweka uwezo, na hilo nalo ni la busara, maana kiongozi anayeingiza watu vitani bila uwezo anawapeleka machinjoni hata kama ana sababu.

Mimi sijawahi kuona hoja ya kutosha ya kumwambia Mwalimu kwamba alikosea. Watu wa Kagera walikuwa wakiuawa, mali zao zikiporwa, na ardhi yao ikitangazwa kuwa ya Uganda. Nalisema hili nikijua kwamba baadhi ya waumini wenzangu hawatalipenda. Lakini masharti yote hayo, ya Thoma na ya Mwalimu, yanajibu swali la taifa: je, sisi kama nchi twaweza kupigana? Hayajibu swali la mtu mmoja, aliyebatizwa au aliyetoa shahada, anayejiuliza kama mkono huu wake utamuua mtu. Taifa laweza kuwa na haki ya kupigana, na mtu huyo akabaki na haki ya kutoua. Maswali haya mawili tumeyachanganya tangu hapo, na ndiyo sababu anayeuliza la pili anaonekana anakataa la kwanza.

Baba yangu mdogo alikuwa mgambo. Mwanzoni mwa mwaka 1979 alichukuliwa na wenzake kwenda mstari wa mbele, akarudi mwaka huo huo akiwa mzima wa viungo, tukampokea kwa vigelegele na mbuzi wawili. Katika desturi yetu, waumini huoshana miguu wanaposhiriki Meza ya Bwana: unainama na beseni, unaosha miguu ya mwenzako, unaifuta kwa taulo, kisha mnabadilishana. Baba mdogo alikubali kuoshwa. Lakini zamu yake ya kuosha ilipofika alikaa kwenye benchi, mikono ameibana kwapani, na mzee aliyekaa naye akaelewa, akanyanyuka akampisha mwingine. Alifanya hivyo hadi alipofariki. Hakuwahi kusema alichokifanya huko, hakuna aliyemlazimisha kusema, na katika gwaride la mashujaa la kila tarehe 25 Julai alikuwa akisimama wima kama mtu mwingine yeyote. Simweki hapa kama ushahidi dhidi ya vita vile. Namweka kwa sababu nadhani, kama mwaka ule angeulizwa, angebeba machela mpaka Kampala bila kulalamika.

Najua swali linalofuata, na ni swali la haki: wote wakisema hivyo, nani atalinda mipaka? Mnamo Desemba 2017 wanajeshi wetu wa kulinda amani waliuawa Semuliki, Kongo, kwa usiku mmoja, wakiwa wamekwenda kuwakinga wanavijiji wa Beni ambao hawakuwa ndugu zao. Siwezi kuwatazama wajane wao nikawaambia kwamba imani yangu ni safi kuliko kazi ya waume zao. Anayekataa silaha analala usingizi kwa sababu mwingine yuko macho, na asipolikiri hilo ni mnafiki. Wala kubeba machela hakumwoshi mtu kabisa. Wanunuzi wanaojazana Kariakoo kila siku wanatembea juu ya jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, “Carrier Corps”, watu waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi bila kushika bunduki, huku mizigo yao ikiwa ni risasi na chakula cha wapiganaji. Mpagazi wa risasi naye yumo vitani. Mstari kati ya kuua na kusaidia kuua ni mwembamba, na sidai kwamba mimi nimeuona wote. Ila ugumu wa kuuchora mstari si sababu ya kusema haupo, na waombaji wa jambo hili hawatakuwa wote. Watakuwa wachache, kama walivyokuwa wachache kila mahali.

Uingereza, ikiwa katikati ya vita vikubwa, iliweka kifungu cha dhamiri katika sheria yake ya mwaka 1916 ya kuwaingiza watu jeshini. Ilikosea ilipounda mabaraza ya kuwahoji waombaji, yakawa yanauliza ungefanya nini kama Mjerumani angemvamia dada yako, kana kwamba imani hupimwa kwa mtego. Korea Kusini, yenye adui jirani mwenye mabomu ya nyuklia, iliwafunga gerezani vijana wa namna hii kwa miongo mingi, hadi Mahakama yake ya Katiba ilipotoa uamuzi mwaka 2018. Tangu 2020 wanatumikia miezi 36 katika kazi za magereza. Eritrea ilichukua njia nyingine: vijana watatu Mashahidi wa Yehova waliokamatwa mwaka 1994 waliachiwa Desemba 2020, bila kufikishwa mahakamani hata siku moja. Nchi yetu haijafika huko, na namshukuru Mungu. Lakini kutofika huko kumetegemea zaidi upole wa watu wetu kuliko maandishi ya sheria zetu.

Maandishi yenyewe hayako mbali. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa imani. Ibara ya 28 inampa kila raia wajibu wa kulinda uhuru na ardhi ya taifa, na papo hapo inaliruhusu Bunge kutunga sheria za kuwawezesha wananchi kutumikia katika majeshi na katika ulinzi wa taifa. Nami, kwa jinsi ninavyoisoma kama mwalimu wa Kiswahili na si mwanasheria, ile “na” inaonyesha kwamba ulinzi wa taifa ni mpana kuliko majeshi. Tangu mwaka 1976 sisi ni nchi mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na kamati inayousimamia ilieleza mwaka 1993 kwamba haki ya kukataa kutumia nguvu ya kuua kwa sababu ya dhamiri inaweza kuchukuliwa kuwa inatokana na ibara yake ya 18.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri na waheshimiwa wabunge, naomba Sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa irekebishwe ili kijana anayetamka kwa maandishi, kabla ya kuripoti, kwamba dhamiri yake inamzuia kushika silaha, aripoti kambini kama wengine, avae bukta ile ile, alime, akimbie, apigwe jua, na saa za silaha apangiwe zahanati, jiko, mashamba au mafunzo ya zimamoto na uokoaji. Muda wake uongezwe. Nasema hivi kwa makusudi, ingawa wapo watakaoona nawaonea: mzigo ukizidi kidogo hautahitajika baraza la kupima imani, kwa kuwa mvivu hatachagua miezi mingi badala ya michache. Na asiulizwe cheti cha dini. Kuna watu wasio na kanisa wala msikiti ambao mkono wao nao unakataa.

Kwenu maaskofu, masheikh na wachungaji, ombi langu ni zito zaidi kwa sababu ninyi hamhitaji Bunge. Kila kunapokuwa na fujo mnaitwa kuombea amani, mnakaa mstari wa mbele, mnapigwa picha. Lakini kijana wa miaka 19 akija kuuliza kama dini yake inamruhusu kuua akiamriwa, na katika hali gani, na katika hali gani inamkataza, anaambiwa aombe. Andikeni. Wanaoamini vita vya haki waandike masharti yake kwa Kiswahili cha kueleweka, wakiweka wazi ni amri ipi askari mcha Mungu anapaswa kuikataa, na tunaoamini kutoshika silaha tuandike ni mzigo gani tuko tayari kuubeba badala yake. Mwanangu alikwenda shabahani akiwa na aya mbili tu alizokariri, na afande hakuwa na hata moja ya kumjibu.

Mdogo wake, kitinda mimba wetu, yuko kidato cha sita. Wiki iliyopita mama yake alifungua sanduku akaitoa bukta ya kaka yake, akampima. Inamtosha.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Musoma